Yellowknife haufi: tunavyokosea kuusoma mwisho wa almasi

Kampuni ya Rio Tinto imeuweka mwaka 2026 kuwa wa mwisho kwa uzalishaji katika mgodi wake wa almasi wa Diavik, ulioko takribani kilomita 300 kaskazini-mashariki mwa Yellowknife, makao makuu ya Maeneo ya Kaskazini-Magharibi ya Kanada. Mgodi jirani wa Ekati, ambao ndio wa kwanza wa almasi nchini humo, ulisimamisha uchimbaji wa shimo la wazi mwaka 2025 na kuachisha kazi mamia ya watu, wakati bei ya almasi ghafi ikiporomoka kwa kushindana na almasi zinazotengenezwa maabara. Gahcho Kué, wa tatu na wa mwisho kati ya iliyobaki, umebakiwa na miaka michache. Habari hizi zimezaa hoja moja inayorudiwa na wanasiasa, wafanyabiashara na waandishi: mji uliozaliwa na madini unakufa pamoja na madini, hivyo dawa yake ni kupata mgodi mwingine, wowote ule, tena upesi.

Naamini hoja hiyo inaukosea mji, na kosa lenyewe lina gharama. Yellowknife hauishi kwa mgodi. Unaishi kwa serikali, na umekuwa hivyo kwa zaidi ya nusu karne. Kwa sababu hiyo una jambo ambalo miji mingi ya madini duniani haijapata kuwa nalo, yaani uwezo wa kusubiri. Anayeuambia kwamba unakufa anaupokonya uwezo huo wakati unapouhitaji zaidi, pale unapopaswa kukaa na wachimbaji wajao na kupanga masharti. Matokeo ya kupokea mgodi bila masharti hayahitaji kubuniwa, kwa kuwa yamelala chini ya ardhi ya mji huo huo: tani 237,000 za vumbi la aseniki lililoachwa na mgodi wa dhahabu wa Giant, ambalo umma wa Kanada unalilipia leo na utaendelea kulilipia baada ya sisi sote kuondoka.

Historia ya mji inaeleza kwa nini watu wanachanganya mambo haya mawili. Dhahabu ndiyo iliyowaleta wageni kwenye ghuba ya Yellowknife, upande wa kaskazini wa Ziwa Great Slave, katikati ya miaka ya 1930, kwenye ardhi ambayo Wadene wa Yellowknives walikuwa wakivua na kuwinda tangu enzi na enzi. Mgodi wa Con ulianza kutoa dhahabu mwaka 1938, na Giant mwaka 1948. Ilikuwa migodi ya mjini kwa kila maana ya neno: wachimbaji waliishi mjini, watoto wao walisoma mjini, na moshi wa tanuri uliwaangukia wote, ingawa haukuwaumiza kwa kipimo kimoja. Wakati huo wote Maeneo ya Kaskazini-Magharibi yalitawaliwa kutoka Ottawa, maelfu ya kilomita kusini. Hali ilibadilika mwaka 1967, baada ya tume iliyoongozwa na Carrothers kupendekeza mwaka uliotangulia kwamba serikali ihamie kwa watu inaowatawala, na Yellowknife ukachaguliwa badala ya Fort Smith. Septemba mwaka huo Kamishna Stuart Hodgson aliwasili kwa ndege pamoja na watumishi wake. Kuanzia hapo mji ulikuwa na nguzo mbili, na ile mpya ilikua hadi kuizidi ya kwanza. Leo serikali ya Maeneo ndiyo mwajiri mkubwa kuliko wote. Juu yake kuna ofisi za serikali kuu, mahakama, hospitali inayopokea wagonjwa kutoka vijiji vya mbali, na makao ya jeshi la Kanada kwa eneo lote la kaskazini.

Almasi zilipogunduliwa karibu na ziwa la Lac de Gras mwaka 1991 na Charles Fipke na Stewart Blusson, zilikuja kwa sura tofauti kabisa na ya dhahabu. Ekati ulifunguliwa mwaka 1998, Diavik mwaka 2003, na yote ilijengwa nyikani kusikofika barabara ya kudumu. Mafuta, saruji na mitambo hupita juu ya barafu ya maziwa, kwenye barabara ya msimu ya takribani kilomita 400 inayodumu kama miezi miwili kwa mwaka kabla jua la Aprili halijaiyeyusha. Wafanyakazi huletwa kwa ndege, hufanya zamu ya wiki mbili, kisha hurudishwa makwao, na kwao kwa wengi wao ni Alberta na mikoa mingine ya kusini, ambako pia ndiko wanakolipia kodi ya mapato. Migodi hiyo inajizalishia umeme kwa dizeli, na Diavik uliongeza mitambo ya upepo mwaka 2012. Haijaunganishwa na gridi ya mji, haikujenga nyumba mjini, haikuacha lami. Hata jaribio la kuzifanya almasi zikatwe na kung'arishwa Yellowknife halikudumu. Kampuni za migodi zilikubali kutenga takribani asilimia 10 ya thamani ya almasi ghafi kwa wakataji wa ndani, serikali ikadhamini mikopo ya viwanda karibu na uwanja wa ndege, lakini gharama za kazi za kaskazini hazikuweza kushindana na zile za mji wa Surat nchini India, na viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Kwa robo karne, utajiri wa almasi umepita juu ya paa za Yellowknife zaidi ya ulivyotua.

Hata hivyo, wanaohofu wana hoja nzito, na si haki kuipuuza. Almasi zimechangia takribani sehemu moja ya tano ya pato la Maeneo yote, na hakuna sekta nyingine binafsi inayokaribia hapo. Diavik peke yake umeajiri zaidi ya watu 1,000. Kampuni za ndege, za usafirishaji, za mafuta na za vyakula zenye maghala Yellowknife zimekua kwa zabuni za migodi, na baadhi yake hazitapona. Kuna na athari isiyotajwa sana: barabara ya barafu hujengwa na kugharimiwa na migodi yenyewe kwa ubia, na mgodi unapotoka kwenye ubia huo, gharama huwaangukia waliobaki, kisha huenda ikakosa mlipaji kabisa. Bila barabara hiyo, kila utafiti wa madini ulioko kaskazini zaidi unakuwa ghali mara dufu. Pigo hili lipo na litauma. Ninachohoji ni nani hasa atakayepigwa, na kama jina sahihi la pigo hilo ni kifo cha mji.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayoulinganisha Yellowknife na miji iliyogeuka mahame. Hutajwa Pine Point, ng'ambo ya kusini ya Ziwa Great Slave, ambako mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mji mzima ukang'olewa, nyumba zikahamishwa, mitaa ikabaki bila watu. Ni kweli yote hayo yalitokea. Lakini Pine Point ulikuwa mji wa kampuni moja. Mwenye mgodi ndiye aliyekuwa sababu ya kila mtu kuwa pale, mwalimu na muuza duka wakiwemo. Mfano unaofaa ni Whitehorse, makao makuu ya eneo jirani la Yukon. Mgodi mkubwa wa Faro ulipofungwa mwaka 1998, Yukon iliumia sana: sensa ya mwaka 1996 ilihesabu watu 30,766, na ile ya 2001 ikahesabu 28,674. Ukitazama Whitehorse wenyewe, hata hivyo, unaona watu 19,157 mwaka 1996 na 19,058 mwaka 2001. Mji wa serikali ulisimama karibu pale pale. Waliopoteza walikuwa watu wa nje yake. Miaka 20 baadaye Whitehorse ulikuwa na zaidi ya watu 28,000.

Yellowknife wenyewe umeshapita mtihani kama huo, tena mgumu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 bei ya dhahabu ilianguka, serikali ilibana matumizi, na tarehe 1 Aprili 1999 Nunavut ilijitenga na kuwa eneo lenye makao yake makuu Iqaluit, ikichukua zaidi ya nusu ya ardhi iliyokuwa ikitawaliwa kutoka Yellowknife. Watu wa mji walipungua kutoka 17,275 mwaka 1996 hadi 16,541 mwaka 2001. Con ulifungwa 2003, Giant 2004, na mwaka 2006 mji ulikuwa na watu 18,700. Mtu anaweza kunijibu kwamba wakati ule almasi zilikuwa tayari mlangoni, na leo hakuna mgodi mkubwa unaosubiri zamu yake. Jibu hilo ni la haki, na ndilo linalonizuia kusema kwamba mji utaendelea kukua. Sensa za karibuni zaidi, lakini, zinaonyesha jambo lile lile: kati ya 2016 na 2021 Maeneo kwa ujumla yalipungua kutoka watu 41,786 hadi 41,070, ilhali Yellowknife uliongezeka kutoka 19,569 hadi 20,340. Nusu ya watu wa eneo kubwa kuliko Tanzania wanaishi katika mji mmoja, na wanazidi kuhamia hapo, kwa kufuata shule, hospitali na ajira ya serikali.

Fedha za serikali hiyo nazo hazitegemei almasi kwa namna inayodhaniwa. Sehemu kubwa ya bajeti ya Maeneo hutoka Ottawa kwa ruzuku inayokokotolewa kwa kanuni maalumu: serikali kuu hukadiria gharama za kuyaendesha Maeneo, kisha huondoa asilimia 70 ya uwezo wake wa kukusanya mapato ya ndani, na tofauti ndiyo inayolipwa. Maana yake ni kwamba kodi za kampuni na mishahara zikipungua, sehemu kubwa ya pengo hilo hurudi kama ongezeko la ruzuku, ingawa kwa kuchelewa, kwa kuwa hesabu hutumia wastani wa miaka iliyopita. Mrabaha wa madini uko kando ya kanuni hiyo. Tangu Maeneo yalipokabidhiwa usimamizi wa ardhi na madini tarehe 1 Aprili 2014, hubakiwa na nusu ya mapato ya rasilimali, tena kwa kikomo, na sehemu ya nusu hiyo hugawiwa serikali za watu wa asili zilizotia saini makubaliano. Kwa hiyo mgodi ukifungwa, hazina ya Yellowknife itapungukiwa kwa miaka kadhaa lakini haitafilisika. Kinachoweza kuivuruga zaidi ni watu kuondoka, kwa sababu kanuni hiyo hiyo hufuata idadi ya wakazi. Ndiyo maana naona nyumba za kupanga zilizo adimu na ghali, pamoja na uhaba wa wauguzi, ni tishio kubwa kwa mji kuliko kufungwa kwa Diavik, japo havipati nafasi ya kwanza kwenye habari.

Nani basi atakayeumia? Wataumia watu wa vijiji vya Tłı̨chǫ, taifa jingine la watu wa asili, kama Behchokǫ̀ na Whatì, na Wadene wa Ndilǫ na Dettah, vijiji viwili vilivyo kando kabisa ya Yellowknife. Kwao mgodi wa almasi ulikuwa na maana ambayo mgodi wa dhahabu haukuwahi kuwa nayo. Kampuni zilitia saini mikataba ya manufaa na mataifa hayo kabla ya kuanza uchimbaji, na kampuni za jamii zao, kama Det'on Cho ya Wadene wa Yellowknives na Shirika la Uwekezaji la Tłı̨chǫ, zilijijenga kwa kandarasi za uchukuzi, chakula, ulipuaji na usafiri wa anga. Kijana wa Whatì aliyejifunza kuendesha lori la tani 200 hana ofisi ya serikali inayomsubiri kijijini. Mjadala unaohesabu hasara kwa jina la Yellowknife unawaficha watu hawa ndani ya takwimu za mji ambao utasimama bila wao, kisha fedha za kukabili athari zitakapogawiwa, zitaelekezwa kwenye mji huo huo. Hili linaniuma zaidi ya yote katika namna habari hii inavyosimuliwa.

Upande wa pili wa mjadala wapo wenye matumaini, ambao hawasemi mji unakufa bali unabadili madini. Wanataja lithiamu iliyo kwenye miamba ya mashariki mwa mji, madini adimu ya Nechalacho, kobalti ya mradi wa NICO, na barabara ya kudumu ya kuelekea kaskazini hadi bahari ya Aktiki huko Nunavut. Wanataja pia ulinzi: mwezi Machi 2025 serikali ya Kanada ilitangaza kuwa Yellowknife, pamoja na Iqaluit na Inuvik, itakuwa kituo cha kuhudumia shughuli za kijeshi za kaskazini. Hili la ulinzi nalichukulia kwa uzito, kwa kuwa ni nguzo ile ile ya serikali ikiongezwa urefu. La madini ya kimkakati nalipokea kwa tahadhari. Nechalacho ulianza kuchimbwa mwaka 2021 kwa shughuli ndogo sana, mzigo ukasafirishwa kusini kwenda kuchenjuliwa Saskatchewan, na kampuni iliyoumiliki ikaingia kwenye matatizo ya fedha. Bei ya lithiamu ilianguka vibaya baada ya mwaka 2022. Ni madini halisi na huenda siku moja yakachimbwa kwa faida, lakini hayatafika kwa wakati wa kujaza pengo la Diavik, na anayeahidi hivyo anauza tumaini ambalo hana.

Hapa ndipo Giant unaporudi. Dhahabu yake ilikuwa ndani ya mwamba wenye aseniki, na ili kuitoa ilibidi mwamba huo uchomwe kwenye tanuri. Miaka ya mwanzo moshi ulitoka wazi, tani kwa tani za aseniki zikiangukia theluji, majani na maji. Mwaka 1951 mtoto wa Kidene wa kisiwa cha Latham, panapoitwa sasa Ndilǫ, alikufa kwa sumu hiyo baada ya familia yake kutumia maji ya theluji iliyoyeyushwa, na kampuni iliwalipa wazazi wake dola 750. Baadaye mitambo ikawekwa ya kunasa vumbi, na vumbi likapulizwa kwenye vyumba vya chini ya ardhi, ambako limekaa hadi leo. Huyeyuka katika maji, na ziwa liko hapo hapo. Ndiyo sababu mji uliacha kuvuta maji ya kunywa kwenye ghuba yake na kuyafuata mtoni kwa bomba lililolazwa chini ya maji kwa kilomita 8. Mgodi ulibadili wamiliki mara kadhaa. Ulipitia mgomo wa mwaka 1992, ambapo bomu lililotegwa chini ya ardhi liliua wachimbaji tisa. Mwaka 1999 mmiliki wa wakati huo, Royal Oak, alifilisika, na serikali kuu ikabaki na sumu. Mpango wa sasa ni kuigandisha ardhi inayozunguka vyumba hivyo kwa mabomba yanayovuta joto na kulitupa hewani, na kuilinda hali hiyo kwa karne nzima huku dawa ya kudumu ikitafutwa. Gharama iliyokadiriwa mwaka 2022 ilikuwa dola bilioni 4.38 za Kanada. Mgodi ulizalisha takribani wakia milioni 7 za dhahabu katika uhai wake wote, kwa bei ambayo kwa muda mrefu haikuzidi dola 35 au 40 kwa wakia. Kila msomaji anaweza kuipiga hesabu hiyo mwenyewe.

Giant haukuruhusiwa kwa ujinga tu. Uliruhusiwa kwa sababu mji uliamini kwamba bila mgodi haupo, na anayeamini hivyo hawezi kumwambia mwenye mgodi asubiri. Diavik ulikuja baada ya sheria ya mwaka 1998 ya kusimamia rasilimali za Bonde la Mackenzie, ukatakiwa kuweka dhamana ya fedha kwa ajili ya kurekebisha mazingira kabla haujaondoka, na ukakuta watu wa asili wakiwa na sauti kwenye bodi zinazotoa vibali. Ndiyo tofauti kati ya Giant na Diavik, na ilipatikana kwa kudai. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulifuatilia jambo hili kwa karibu. Mkanada John Williamson ndiye aliyegundua almasi za Mwadui mwaka 1940. Kampuni ya Kanada ya Barrick ndiyo iliyofunga mgodi wa Buzwagi huko Kahama mwaka 2021. Na sheria yetu ya madini nayo inadai dhamana ya kurekebisha mazingira. Ni maswali yale yale, na mara nyingine hata kampuni ni zile zile.

Shinikizo la sasa Yellowknife linavuta upande wa pili. Panasemwa kwamba vibali vinachelewa, bodi ni nyingi, dhamana ni kubwa mno kwa kampuni changa, na barabara ya kaskazini ianze kujengwa bila kungoja mazungumzo ya ardhi. Baadhi ya malalamiko hayo yana ukweli. Bodi yenye watumishi wachache inaweza kuchukua miezi kwa kazi ya wiki, na hilo linarekebishika kwa kuajiri. Kupunguza dhamana ni jambo la aina nyingine kabisa. Kampuni changa isiyoweza kuweka dhamana ndiyo hasa itakayofilisika bei ikianguka, na lithiamu imeshaonyesha jinsi bei inavyoanguka. Kuhusu ardhi, Wadene wa Yellowknives walitia saini Mkataba namba 8 mwaka 1900, na mazungumzo ya Akaitcho yenye lengo la kumaliza suala la haki zao za ardhi na kujitawala yaliwekewa mfumo mwaka 2000. Barabara inayopendekezwa inapita katikati ya ardhi hiyo, na katika njia za kulungu wa Bathurst, kundi lililokuwa na mamia ya maelfu ya wanyama miaka ya 1980 na leo limebaki na maelfu machache. Mji wenye mishahara ya serikali kila mwisho wa mwezi hauna dharura ya kuanza ujenzi kabla mazungumzo hayo hayajafika mwisho. Ottawa ikitaka kuharakisha, iharakishe kwenye meza ya Akaitcho, kwa kuwa huko ndiko kucheleweshwa kulikoanzia, na fedha za kukabili kufungwa kwa Diavik zianzie Behchokǫ̀, Whatì, Dettah na Ndilǫ kabla ya kufika kwenye mitaa ya katikati ya Yellowknife.